Makopo matatu ya maji na haki ya mirathi

Anayepita leo katika viwanja vipya vya Dodoma, kutoka Iyumbu hadi Nzuguni, na kutoka Ihumwa hadi Mtumba kwenye Mji wa Serikali, huona nyumba mpya kila upande. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini ujenzi ulishika kasi baada ya Julai 2016, ilipotangazwa kwamba Serikali inahamia kwa vitendo. Na tarehe 26 Aprili 2018 mji wetu ukapandishwa hadhi ukawa jiji. Nyumba hizo zote, za wenye nacho na za wanyonge, humalizikia mikononi mwa fundi rangi. Na nyuma ya nyumba nyingi zilizokamilika, pale penye kifusi na mifuko mitupu ya saruji, mpita njia akitazama vizuri huona brashi zilizokauka zikawa kama vijiti, na rola zilizoganda zikawa kama magogo. Nyingi zimetumika kwa nyumba moja tu, kisha zikatupwa.

Sisi tunaoandika haya ni watu wa kazi hiyo. Tunaishi Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, nasi tu watano: mama yetu, sisi ndugu watatu wa kiume, na dada yetu ambaye ni wa mwisho kuzaliwa. Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alijifunza kupaka rangi zama za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyovunjwa mwaka 2017, na hakuwahi kuwa na kazi nyingine. Tumeona tuandike katika kurasa hizi za familia, wala si penginepo, kwa kuwa kwetu usafi wa brashi ni suala la haki ndani ya nyumba kabla ya kuwa suala la ufundi.

Baba alipofariki, baada ya kulipwa gharama za mazishi na madeni madogo aliyokuwa nayo, tuliketi na imamu wa msikiti wetu atueleze mirathi. Nyumba tuliyokuwa tukiishi ilikuwa ya kupanga. Mali ya maana aliyoiacha ilikuwa vyombo vyake vya kazi: brashi tisa za upana mbalimbali, rola nne, trei mbili, skrepa tatu, ngazi ya mbao na ndoo. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Kwa kuwa marehemu aliacha watoto, na wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki, mama alistahili thumni, yaani fungu moja katika manane. Mafungu saba yaliyobaki yaligawanywa kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja: sisi ndugu watatu tukapata mafungu sita, na dada yetu moja. Hesabu ikakamilika bila mabaki.

Ugumu ulikuja kwenye kugawana vitu vyenyewe. Brashi haikatwi vipande vinane, na ngazi haigawanyiki. Imamu akatueleza kwamba tunaweza kuviuza tukagawana fedha, au tukiridhiana sote bila mtu kulazimishwa, tukaviacha vikiwa mali ya ushirika, kila mmoja akijua fungu lake, na mapato ya vyombo yakafuata mafungu hayo. Tukachagua njia ya pili. Tukaandika, tukatia saini, na mashahidi wakaweka majina yao. Tangu siku ile kila fundi anayeshika brashi katika nyumba yetu hujua kwamba sehemu ya brashi hiyo ni ya mama na sehemu ni ya dada, watu ambao hawapandi ngazi wala hawapokei fedha za mwenye nyumba. Akiiacha ikauke, amekausha na fungu la mjane.

Thamani ya jambo hilo tuliiona mapema. Wiki ya tatu baada ya mazishi tuliitwa kupaka nyumba ya vyumba vitano huko Ilazo. Kwa desturi ya kazi yetu, mwenye nyumba hununua rangi na fundi huja na vyombo vyake. Fedha ndani ya nyumba zilikuwa zimekwisha. Majirani waliotutakia mema, kwa kudhani kwamba vyombo vya mzee vilikuwa vimechakaa, walitushauri tukachukue mkopo wa haraka, ile mikopo ambayo watu wameipachika jina la kausha damu, na jina hilo halikukosewa. Pamoja na uharamu wa riba, tumewaona kwa macho wanawake wa mtaani kwetu wakinyang'anywa makochi na majiko mbele ya watoto wao.

Tukaufungua mfuko wa mzee. Kila brashi ilikuwa imefungwa katika karatasi yake, nywele zimenyooka na ni laini kama siku zilipotoka dukani. Rola zilikuwa nyepesi, manyoya yamesimama. Hatukununua kitu isipokuwa msasa. Kesho yake baada ya Alfajiri tulikuwa Ilazo, na malipo ya kazi ile ndiyo yaliyolipa kodi ya nyumba ambamo mama alikuwa akikaa eda yake. Bei ya brashi moja nzuri ni unga wa siku mbili kwa familia kama yetu. Kwa hiyo mfuko ule ulikuwa akiba ambayo baba aliiweka jioni kwa jioni, kwa maji kidogo na subira.

Basi na tueleze namna ya kuiweka akiba hiyo, maana wengi hudhani kuosha brashi kunataka bomba lililofunguliwa. Dodoma si mji wa kufungulia bomba. Mvua zetu huanza Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Jiji linategemea zaidi visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka kuliko maji. Mitaa mingi hupata maji kwa mgawo, na siku isiyo ya mgawo hununuliwa kwa dumu. Rola moja ikioshwa chini ya bomba mpaka maji yatoke meupe inaweza kumaliza dumu zima la lita 20. Nasi Waislamu tumefundishwa tusifanye israfu ya maji hata katika udhu, hata kama tuko kando ya mto unaotiririka. Itakuwaje kwa kuosha rola mahali ambapo mto wenyewe ni mchanga mtupu kwa zaidi ya nusu ya mwaka?

Mama yetu ndiye mwenye njia ya makopo matatu, na katika miezi minne na siku kumi za eda, alipokuwa hatoki, yeye ndiye aliyekuwa akipokea vyombo vyetu kila jioni. Njia hii ni ya rangi ya maji. Kwanza, rangi iliyobaki kwenye brashi hurudishwa ndani ya kopo lake kwa kuikwangua taratibu kwenye ukingo, na ile ya kwenye rola husukumwa kwa mgongo wa skrepa. Rangi hiyo ni mali ya mwenye nyumba, si yetu. Pili, brashi hufutwa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji mpaka ikaribie kuwa kavu. Hatutumii magazeti yenye aya na majina matukufu kama hili ulilolishika, ndugu msomaji. Hili lina heshima yake. Hatua hizi mbili hutoa sehemu kubwa ya rangi kabla ya tone la maji kuguswa.

Ndipo yanapokuja makopo, kila moja likiwa na lita moja tu. Kopo la kwanza ni la kuondoa rangi. Brashi hutumbukizwa, ikakamuliwa kwa vidole kutoka penye mkanda wa bati kuelekea ncha. Hapo penye bati ndipo siri ilipo. Rangi ikigandia huko ndani, nywele hutanuka, brashi hupanuka mdomo, na haitapiga tena mstari ulionyooka kwenye kona ya dari. Kopo la pili lina sabuni kidogo, na humo brashi huchanwa kwa kitana kilichochakaa. Kopo la tatu ni maji safi ya kusuuza. Kesho yake maji ya kopo la tatu huwa ya pili, ya pili huwa ya kwanza, na ni lita moja tu mpya inayochotwa. Maji ya kopo la kwanza huachwa yatulie usiku kucha, rangi ikazama chini. Ya juu hutumika kulowanisha rola inayoanza kuoshwa, na tope la chini humwagwa juu ya gunia kuukuu. Jua la Dodoma hulikausha likawa gamba, nalo hutupwa pamoja na taka ngumu. Halimwagwi mtaroni, wala karibu na kisima, wala mahali mbuzi wanaponywa.

Baada ya kuoshwa, brashi hukung'utwa, ikazungushwa kati ya viganja viwili ili maji yatoke, nywele zikanyooshwa kwa vidole, kisha ikafungwa kwa karatasi na kulazwa kivulini au kutundikwa kwa tundu la mpini. Haisimamishwi kwa nywele zake ndani ya kopo. Ikisimamishwa hivyo hupinda, na brashi iliyopinda ni vigumu kuirudi. Haianikwi juani pia. Rola husimamishwa wima ili manyoya yasilale upande mmoja.

Lipo pia jambo la mchana. Julai na Agosti upepo wa nyanda hizi za kati ni mkavu na una vumbi. Brashi iliyolazwa juu ya kopo fundi anapokwenda kuswali Adhuhuri hukutwa imeanza kushikana nywele. Zamani mafundi waliitia katika mfuko wa plastiki. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, sisi huizungushia kitambaa kilicholowa maji na kuiweka ndani ya ndoo yenye kifuniko. Tukirudi msikitini tunaikuta kama tulivyoiacha, na hakuna anayeswali huku moyo uko kwenye brashi.

Rangi ya mafuta ina hukumu nyingine, maana maji hayaitoi. Hapo hutumika tina au tapentaini, na wengine hutumia mafuta ya taa. Sisi hutia kiasi cha kikombe kimoja katika kopo lenye kifuniko, tukaosha, tukafunika. Baada ya siku mbili tatu uchafu huzama, na tina ya juu hurudi kuwa angavu. Tunaimimina polepole katika kopo jingine na kuitumia tena. Kikombe kimoja huosha mara nyingi. Ikiwa kazi ya rangi hiyo hiyo inaendelea kesho, hatuoshi kabisa: tunapitisha waya katika tundu la mpini, tunaining'iniza brashi ndani ya kopo la maji nywele zikiwa zimezama bila kugusa chini, na hewa haiifikii. Asubuhi inakung'utwa na kufutwa, kazi inaendelea.

Hapa tunawaomba wazazi watusikilize kwa makini. Tina na mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtaani kwetu mtoto wa miaka miwili aliokota chupa ya namna hiyo ambayo fundi mmoja aliiacha uani, akainywa akidhani ni maji. Bibi yake alitaka kumtapisha. Muuguzi aliyekuwa jirani akamzuia, kwa sababu mafuta yakitapikwa huweza kuingia mapafuni yakaleta madhara makubwa zaidi. Mtoto alikimbizwa hospitali, na kwa rehema za Allah akapona baada ya siku kadhaa za kukohoa. Kwa hiyo: chombo cha bati chenye kifuniko, alama juu yake, na mahali pa juu. Kazi ya kuosha ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa. Na matambara yaliyolowa rangi ya mafuta yasirundikwe pamoja. Yatandazwe yakauke, kwani yakirundikwa yanaweza kupata joto lenyewe mpaka yakawaka.

Usafi wa chombo huongozana na usafi wa mikono, na hili kwa Muislamu halikwepeki. Masheikh wetu wametufundisha kwamba kila kinachofunika ngozi na kuzuia maji kuifikia huharibu udhu, na rangi ya mafuta iliyokauka kwenye vidole na pembezoni mwa kucha ni kizuizi. Lililobaki kama doa tu, lisilo na mwili unaozuia maji, halina neno. Wapo mafundi wanaonawa kwa petroli ili wawahi swala. Ngozi hukauka ikapasuka, na mvuke wake si salama. Njia yetu ni kupaka mafuta ya kula mikononi kabla ya kazi, hasa pembezoni mwa kucha. Jioni tunapaka tena, tunasugua kwa kitambaa mpaka rangi ilegee, ndipo tunanawa kwa sabuni. Aliyeacha kazi robo saa kabla ya adhana hupata wasaa wa kuosha vyombo na wa kuosha mikono, na wala hapunguzi kitu katika ujira wake.

Kuna swali ambalo tumekuwa tukiulizwa kila Ramadhani inapokaribia na misikiti ikianza kupakwa rangi: brashi hizi zimetengenezwa kwa nywele gani? Swali ni la haki. Brashi nyingi za nywele za asili zinazouzwa duniani hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, na neno la Kiingereza «bristle» lililochapwa kwenye mpini mara nyingi huashiria hilo. Malaysia iliweka amri mwaka 2013 kwamba bidhaa zenye sehemu ya nguruwe au mbwa zitambulishwe waziwazi kwa mnunuzi, na mwaka 2017 maofisa wa nchi hiyo walipita madukani wakikamata brashi zilizoshukiwa kukiuka amri hiyo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, nywele hizo ni najisi, na unyevu wa rangi huihamisha najisi. Kwa Imamu Malik upo wepesi katika suala la nywele. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake. Sisi tunaeleza tu tulichokichagua.

Tulichokichagua ni brashi za nyuzi za viwandani. Kuzitambua si kazi: ukichoma unywele mmoja, wa kiwandani huyeyuka ukawa kitone kigumu, na wa mnyama hunuka kama unywele wa mtu ulioungua, kisha husagika ukawa jivu. Moto hausemi ni mnyama gani, lakini unatosha kumwambia mnunuzi kwamba aulize zaidi. Na katika uchaguzi huo tumepata faida nyingine: nyuzi za kiwandani hazinywi maji zikavimba, hivyo ndizo zinazofaa zaidi rangi ya maji, nazo huoshwa kwa urahisi. Brashi ya msikiti tumeitenga, tukaitia alama ya kijani kwenye mpini.

La mwisho ni kuazima. Katika kazi hii mafundi huazimana, nasi hatupendi kuwa wachoyo. Mwaka jana fundi mmoja wa mtaa wa pili aliazima rola mbili kwa siku moja, akazirudisha baada ya wiki zikiwa zimeganda. Alipoambiwa, alishangaa: kwake rola ni kitu cha kutupwa. Hatukugombana naye. Tulimkaribisha, tukamwonyesha lile karatasi la mirathi lenye mafungu manane, tukamweleza kwamba rola zile zina wenyewe wasiokuwepo kazini. Alinyamaza muda mrefu. Wiki mbili baadaye alileta rola mbili mpya, akamkabidhi mama mkononi, na akaomba aonyeshwe makopo. Sasa wanafunzi wake wawili huosha vyombo kila jioni, tena kwa uangalifu kuliko sisi.

Ndugu zetu wasomaji, si kila nyumba ina fundi rangi, lakini kila nyumba ina chombo kinacholeta riziki: cherehani ya mama, jembe, baiskeli ya kubebea maji, sufuria ya kukaangia maandazi. Tumezoea kuhesabu mali kwa kinachoingia, tukasahau kinachoharibika kwa kuachwa. Watoto nao hujifunza amana kwa kuona mikono ya wazazi wao jioni kuliko kwa mawaidha marefu. Dada yetu sasa ana miaka kumi na mitano, na daftari la mafungu analiandika yeye. Mwezi uliopita alipokea haki yake katika mapato ya vyombo, akalipa mchango wa madrasa kwa fedha yake mwenyewe.

Tunamuomba Allah amrehemu baba yetu, azitakase riziki zetu na riziki zenu, na atujaalie tuwe watunzaji wa amana ndogo kabla ya kuulizwa juu ya kubwa. Amin.